Naomba Kura Zangu Tatu

Kwa Mwenyekiti,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINT: OMBI LA KUONGEZEWA KURA MBILI

Nakuandikia kutoka Meru mjini, mimi mwenye shahada na deni la shahada hiyo. Agosti 2022 nilipewa karatasi sita za kura. Mama mkwe wangu, anayelima muguka (aina ya miraa) kule Kiritiri, Embu, naye akapewa sita. Aliacha shule darasa la tatu. Kwa heshima zote nilizo nazo kwake (na ni nyingi, maana mahari sijamaliza), sioni hesabu hiyo inakaaje sawa.

Nimeisoma Katiba ya 2010, kifungu cha 83. Kinamzuia kujiandikisha aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Mwenye akili timamu lakini kidogo hakikumgusa. Pengo hilo ndilo ninaloomba mlizibe kabla ya Agosti 2027.

Wala siombi jambo geni, Mheshimiwa. Lilishafanyika papa hapa kwetu. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilimteua Walter Coutts atafute namna ya Waafrika kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Bwana huyo alikuwa na maono. Asiyefikia kiwango hapati kura. Aliyefikia anapata moja, na mwenye sifa zaidi, kama masomo, mapato, mali au utumishi wa miaka mingi, anaongezewa hadi tatu. Sisi Wameru, na Waembu na Wakikuyu, tukawekewa sharti letu la ziada: cheti cha uaminifu. Mpaka afisa wa serikali aridhike kwamba uliipinga Mau Mau, shahada yako ilikuwa ya kufungia sukari tu.

Machi 1957 kura zikapigwa. Katika Mkoa wa Kati alisimama Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza hilo, mwaka 1944, msomi wa Fort Hare na Oxford. Akaangushwa na Bernard Mate wetu wa Meru. Simnyimi Mate ushindi wake. Alicheza mchezo aliowekewa. Lakini vyeti vya uaminifu vilikuwa vimemwagika Meru kuliko kwa Wakikuyu, na mtu wa Oxford akazama ndani ya mpango uliotungwa kuwapa uzito watu wa shule. Wapiga kura wenye akili alikuwa nao. Wenye cheti ndio waliompungukia. Musa Mwariama naye, mwana wa Meru na kiongozi wa Mau Mau, bado alikuwa msituni, na hakuna aliyemfuata huko kumuuliza mapato yake ni pauni ngapi kwa mwaka.

Ndiyo maana nauhusudu mpango huo. Ulianza kwa kupima elimu, ukamalizia kwa kupima utii, na karani hakulazimika hata kuhama meza. Hasara ilikuja baadaye: mwaka 1961 ilitosha kujua kusoma au kuandika, au kuwa na zaidi ya miaka 40, na kufikia 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura yake moja, awe profesa au mchunga mbuzi.

Sasa, ili mjue nani anastahili kura tatu, itabidi mtupe mtihani. Naomba maswali yasizagae kwenye simu usiku wa kuamkia siku ya kura; uzoefu wa mitihani ya nchi hii tunao. La pili ni gumu zaidi: nani atunge? Nilimpigia mama mkwe simu nimjaribu kidogo, kwa adabu. Nikamuuliza kuhusu ugatuzi. Akanieleza jinsi gavana wa Mombasa alivyopiga muguka marufuku Mei 2024, Kilifi na Taita Taveta wakamfuata, Rais akasema amri hizo hazina nguvu kwa sababu sheria ya taifa imelitambua zao hilo, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Alijua pia bei ilishuka lini na ikapanda lini. Kisha akaniuliza yeye: kaunti yako, mwanangu, mwaka jana ilikusanya ushuru kiasi gani sokoni, na ukaenda wapi? Simu ikakatika. Mtandao wa Meru siku hizi ni mbaya sana.

Kwa hiyo naomba mtihani usihusu mambo ambayo watu wanayajua.

Najua mtaniuliza kama wapiga kura wetu kweli wamekosea. Tazameni Embu. Mwaka 2014 Martin Wambora akawa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na bunge la kaunti na Seneti. Mahakama ikamrudisha, na mwaka 2017 wananchi wakamchagua tena, kana kwamba hawakusikia wakubwa wamesema nini. Meru nasi mwaka 2022 tulimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru, tukaziacha nyumbani kofia za vyama. Wawakilishi wadi wakajaribu kumwondoa mara tatu, hadi Seneti ikakubali Agosti 2024 na Mahakama Kuu ikathibitisha Machi 2025. Kinachonikera ni kwamba wengi wa wawakilishi hao walichaguliwa siku ile ile, foleni ile ile, na watu wale wale. Katika zile karatasi sita, Mheshimiwa, ni ipi iliyopigwa na mjinga? Nikiijua hiyo, ndiyo nitakayoomba mnihesabie mara tatu.

Wenzangu wasomi husema asiyesoma hununuliwa kwa mia mbili na leso. Ni kweli, nimeona. Msomi hanunuliki kwa bei hiyo. Yeye husubiri tenda.

Naambatisha nakala ya shahada yangu. Cheti cha uaminifu bado sina, ila niko tayari kuwa mwaminifu kwa yeyote atakayekuwa na muhuri wakati huo.

Wako mtiifu,
Mpiga kura mwenye akili (inasubiri kuthibitishwa)

Nakala: Mbunge wangu. Tafadhali mtihani usimfikie kabla ya uchaguzi. Ile tenda yangu bado haijatiwa saini.