Jinsi ya Kutoona Barabara Masika Hii

Kuendesha gari Dar es Salaam mwezi wa Aprili bila kuona mbele kunahitaji vitu vitatu: vioo vilivyopandishwa hadi juu, abiria wanne wenye mapafu mazima, na msimamo. Vioo na abiria si shida. Kilicho adimu ni msimamo, na hapo ndipo tutakapokaza.

Mvua ikianza, zima AC. AC ni ya jua kali, kila mtu anajua, na bei ya mafuta unaiona mwenyewe pale kituoni. Kisha bonyeza kile kitufe chenye kigari na mshale uliojikunja tumboni mwake, hewa ya nje isipate njia. Nje si kuna maji? Sasa pumzi za watu watano zimekosa pa kwenda, na kila pumzi inatoka imeshiba mvuke. Viatu vimelowa, mwamvuli wa shemeji umelala kwenye kapeti unachuruzika. Kioo cha mbele kinapigwa mvua kwa nje, kimepoa. Mvuke ukikigusa unageuka matone. Mtatoka Magomeni mnaona, mtafika Jangwani mko ndani ya yai.

Usiogope. Chukua kitambaa, ukikosa tumia kiganja, usafishe kiduara cha ukubwa wa kisosi usawa wa macho yako. Kitadumu hadi bajaji ya pili ikupite. Kisha mkabidhi shemeji kitambaa: "Shemeji, nisaidie hapo upande wako, kile kioo cha pembeni sikioni kabisa." Shemeji atafuta kwa moyo wote, na mafuta ya mikono yake yatabaki pale yakisubiri usiku, taa za malori ziyageuze michirizi kioo kizima.

Kwenye kila gari yupo mmoja atakayesema, "Si uwashe AC?" Mtazame kwa huruma. Kwenye mvua yote hii, AC? Tatizo la mtu huyu ni kwamba amesema kweli, hivyo inabidi tummalize haraka. Nyuma ya dashibodi kuna evapoleta, mabomba yaliyoshonwa na mapezi membamba ya alumini, ambayo AC ikifanya kazi hukaa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hewa ikipita hapo inapoa, na hewa iliyopoa haiwezi tena kubeba maji yote iliyokuja nayo. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi, ikishiba, huchukua kama gramu 30 za mvuke. Ishushe hadi nyuzi 5, inabaki na nafasi ya gramu 7 hivi. Maji mengine yote yanadondoka kwenye mapezi, yanateremka kwa mpira, yanamwagika chini ya gari. Lile dimbwi dogo lililokupeleka mbio kwa fundi kuulizia kama rejeta inavuja ndilo hilo.

Huyo abiria asipewe nafasi ya kuendelea, maana ataongeza jambo baya zaidi: kwamba AC ikiwa inafanya kazi, uzungushe na kitasa cha joto kiende kwenye nyekundu. Hewa inakaushwa kwanza, halafu inapitishwa kwenye hita yenye maji ya moto ya injini, inatoka kavu na vuguvugu, na kioo kinafunguka kabla shemeji hajakunja kitambaa. Dawa hii inafaa hata Makete na Njombe, asubuhi zile za Julai. Wajapani nao walikuhisi mapema: kwenye magari mengi, ukibonyeza kitufe cha kioo chenye mishale inayopanda, AC inawaka yenyewe bila kukuomba ruhusa. Izime. Gari ni lako, kadi ina jina lako. Kitabu cha maelekezo kwenye droo kimeandikwa Kijapani, hakuna atakayekushtaki nacho.

Jua likirudi, kazi inakuwa nyepesi. Gari limechomwa tangu asubuhi Kariakoo, usukani haushikiki. Ingia, funga milango, weka nyuzi za chini kabisa. Usishushe vioo hata dakika mbili kuitoa ile hewa ya moto. Watu watadhani huna AC. Kwenye gari lenye AC ya otomatiki, 18 na 24 zinaanza kwa nguvu ileile, zinatofautiana pa kuishia tu, lakini 18 inaonyesha kuwa una haraka. Baada ya robo saa mama mkwe atajifunika khanga hadi puani. Usipandishe nyuzi. Shusha kioo chake nusu, unyevu wa Aprili uingie, kompresa nayo ipate kazi ya kufanya. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilileta magari yenye AC iliyokaa kwenye buti, isiyo na kidhibiti joto. Aliyetaka baridi iishe alizima injini, akafungua boneti, akachomoa mkanda wa kompresa. Wale walikuwa na msimamo.

Ukungu wa alfajiri unataka moyo zaidi. Uko Barabara ya Bagamoyo, AC inapuliza baridi kali moja kwa moja kwenye kioo, na kioo kimekuwa cheupe. Futa. Futa tena, kandamiza. Badilisha kitambaa. Ukungu uko nje. Hewa ya pwani ndiyo inayokutana na kioo ulichokipoza mwenyewe, na waipa ingeuondoa kwa pigo moja, kisha ukaelekeza hewa miguuni au ukapandisha nyuzi kidogo. Wewe endelea kufuta kwa ndani.

Siku hewa ikianza kutoka kwa kusinzia, nenda kwa fundi. Kabla hajafungua chochote atakuambia, "Bosi, gesi imeisha." Usimuulize imekwenda wapi. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haichomwi kama petroli. Ikipungua kuna mahali panavuja, na kupatafuta kunachukua muda. Mwambie aongeze. Masika ijayo mtaonana tena, na mtakuwa mmezoeana kiasi cha kuulizana habari za watoto.

Ukiangukia kwa kijana mwenye kiherehere, atafungua droo ya dashibodi na kuchomoa nyuma yake filta iliyokuja na gari kutoka Japani. Vumbi limeganda, kuna majani ya mwembe, kuna manyoya ya mnyama ambaye hujawahi kumfuga.

"Bosi, hii ndiyo inazuia hewa, ndiyo maana vioo vinachelewa kukauka. Tununue nyingine?"

Ulizia bei, guna, kisha mwambie airudishe hiyohiyo. Bila filta si vumbi litaingia?