Uzee Unapotangazwa na Konda

Kuzeeka huelezwa kwa kawaida kuwa ni mabadiliko yanayomjia binadamu taratibu kutoka ndani ya mwili wake. Lakini mwenye kuchunguza maisha ya jiji la Arusha na vitongoji vinavyopanda miteremko ya Mlima Meru atabaini kwamba habari hiyo humfikia mhusika kutoka nje, kwa sauti kubwa na mbele ya mashahidi. Mtangazaji wake mkuu ni konda wa kifodi, yaani basi dogo la abiria ambalo kwingineko nchini huitwa daladala. Mwanamume aliyezoea kuitwa chalii, kama vijana wa Arusha wanavyoitana wao kwa wao, hupanda gari la Sakina asubuhi moja, na konda, ambaye hakutumwa na mtu, huwaamuru abiria walioketi: “Mpisheni mzee akae.” Mwanamume huyo hugeuka kumtafuta mzee anayesemwa, na akikuta nyuma yake hapana kitu ila mlango, uchunguzi huwa umekamilika.

Baada ya hapo hufuata shikamoo. Shikamoo ya mwanafunzi haina madhara. Inayochoma ni ile ya mtu ambaye naye ana mvi, kwa sababu kuiitikia marahaba ni kukiri kosa, na kunyamaza ni utovu wa adabu. Wapo wanaoijibu kwa kukohoa.

Waarusha, wakulima wa miteremko hiyo ambao husema Kimaasai, walikwisha kulitatua tatizo hili kwa mfumo wa marika. Rika ni kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ambao hupewa jina moja, kama vile Seuri, Makaa au Landisi, na hupanda pamoja kutoka umorani hadi uzee kwa sherehe zinazojulikana na kila mtu. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, aliyapa marika hayo nafasi kubwa katika maelezo yake ya namna jamii ile inavyojiendesha. Faida yake iko wazi: mtu hazeeki peke yake, hazeeki ghafla, na siku ya kuzeeka huliwa nyama. Mkazi wa Njiro asiye na rika hutegemea huruma ya konda, au, kama ni mtumishi wa umma, barua ya kustaafu kwa lazima afikapo miaka 60, ambayo haiji na nyama.

Ushahidi wa mwili wenyewe, kwa upande wake, hauaminiki sana katika eneo hili. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Meru hubeba floridi nyingi, madini ambayo yakizidi huyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, kwa hiyo meno hayamsaidii mtu kukisia umri wa mwenzake. Na baridi ya Juni na Julai huwakunja mgongo vijana na wazee bila ubaguzi. Mlima wenyewe uliporomoka ubavu wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na tangu ulipolipuka kidogo mwaka 1910 haujafanya jambo la maana, lakini hakuna aliyewahi kuupisha ukae.

Shahidi asiyehongeka ni macho. Mtu akishatimiza miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujirekebisha kutazama vitu vya karibu, hali ambayo wataalamu huiita presibiopia. Ndipo mkazi wa Arusha anapoweza kueleza kwa uhakika kama kilele cha Meru, chenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, kimepata theluji usiku, ilhali hawezi kusoma ujumbe ulio kiganjani mwake. Ajali hutokea hasa usiku ambao uniti za LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, zimekwisha, kwa kuwa tarakimu 20 zilizotumwa kwenye simu hupaswa kuingizwa katika mita gizani. Mhusika huisogeza simu mbali mpaka mkono unaisha, husoma 8 palipo na 3, mita hukataa, naye huulaumu mtandao, kisha serikali, na mwishowe humwita mtoto wa jirani wa darasa la tatu, ambaye huzisoma zote kwa pumzi moja na kuuliza kwa upole mzee aliishia darasa la ngapi.

Mtu aliyekwisha kuchoshwa na hayo yote huamua angalau kuufaidi uzee wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na hospitali za umma zimetenga madirisha ya kuwahudumia wazee kwanza. Basi mwenye miaka 57, anapoiona foleni ya kawaida imefika getini, hukumbuka makonda wote waliomshuhudia, huinama kidogo, hukohoa na kujongea dirishani. Muuguzi hutazama kitambulisho, humtazama mwenye nacho, na kumfariji kwa dhati: “Baba, wewe bado kijana kabisa. Foleni yenu ni ile pale.”