Mkono wa Dirishani

Jumatatu. Kiwiko cha kulia kinauma tangu nimalize kusahihisha mitihani. Duka la dawa wamenipa jeli ya ketoprofeni: paka asubuhi, paka jioni. Habari ya jua hakuna aliyeitaja. Nimepaka, nikapanda daladala, nikakaa dirishani.

Jumatano. Nimeamka mkono unawasha. Nilipopaka pameiva na kutoa malengelenge madogo. Palipofunikwa na gauni ni pazima. Mama mkwe anasema nimekojolewa na buibui. Nimeongeza jeli, nikidhani itatuliza.

Alhamisi. Nimefunga kioo cha daladala njia nzima. Abiria wamelalamikia joto, na wana haki. Usiku sikulala kwa kuwashwa.

Ijumaa. Jana asubuhi nilinunua losheni ya kukinga jua, nikapaka mkononi, shingoni na usoni. Kufika leo saa kumi, shingo na uso navyo vinawasha. Wanafunzi wameuliza kama nimelia.

Jumamosi. Daktari wa ngozi ameomba kuona kila nilichopaka. Ni mzio wa mwanga. Mionzi ya jua huibadilisha dawa iliyomo ndani ya ngozi, na kinga ya mwili ikaishambulia kama adui. Mwaka jana niliipaka gotini bila shida. Huenda mwili uliiwekea alama tangu hapo. Dalili huchukua siku moja hadi tatu, ndiyo maana Jumatatu sikuona kitu. Kioo hakikunisaidia kwa kuwa mionzi ya UVA hukipenya. Na losheni ina oktokrilini, kemikali ambayo wenye mzio wa ketoprofeni wengi huikataa pia. Hilo limeniuma kuliko malengelenge, maana nilijitahidi. Niache jeli, nifunike mkono wiki mbili nzima, na bandeji niliyokuwa nikifunga kiwikoni usiku niitupe, imeshanywa dawa.

Jumapili. Nimerudi dukani na gauni la mikono mirefu. Kijana wa kaunta amesikitika kweli. "Samahani sana, mwalimu, sikujua." Nikamwambia, "Hata mimi, mdogo wangu." Tumefungua kasha pamoja, tukakunjua karatasi ya maelezo. Onyo la jua limo, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Yamebaki makasha manne. Nimeomba kalamu, nikaandika juu ya kila moja: UKIPAKA, FUNIKA. USIPIGWE NA JUA MPAKA WIKI MBILI BAADA YA KUACHA. Kiwiko bado kinauma.