Jinsi ya Kufika Njombe Mjini na Pua Yako

Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Njombe haina mzaha na mtu. Ukungu umelalia mashamba ya chai, mabondeni majani yana sakitu nyeupe kama yamenyunyiziwa chumvi, na usukani wa baiskeli unang'ata viganja. Soksi umevaa jozi mbili. Sweta la mtumba umelifunga mpaka kooni. Umebaki uso, ambao ndio unaotangulia kufika kila mahali na ndio tunaoupeleka vitani uchi. Nataka ufike nao mjini ukiwa mzima, pua ikiwa mahali pake.

Kwanza mjue adui. Adui si asubuhi peke yake. Nusu yake unaitengeneza wewe kwa miguu yako. Hewa ikiwa nyuzi 5 na imetulia, aliyekaa kibarazani anajikunyata tu. Wewe ukikimbia kilomita 20 kwa saa umejiletea upepo wako, na ngozi inapata ubaridi wa nyuzi 1. Mteremko ukikufikisha kilomita 30, umeshuka mpaka sifuri. Zamani hesabu za namna hii zilitokana na Paul Siple na Charles Passel, Wamarekani waliokuwa Antaktika wakipima jinsi maji yanavyoganda upeponi ndani ya chombo cha plastiki. Fomula inayotumika Canada na Marekani tangu 2001 ilijaribiwa kwa watu waliojitolea kutembea kwenye upepo baridi, vipimo vikiwa vimebandikwa mashavuni. Naipenda sana hii ya pili. Waliopima walikubali kwamba anayeumia ni uso.

Basi dawa ya kwanza haina gharama: shika breki. Ukipanda mlima mwili unachemka na upepo ni mdogo, kwa hiyo fungua zipu kifuani mapema kabla jasho halijaanza kutiririka. Ukifika juu, simama. Jifute paji la uso, funga zipu, ndipo ushuke. Wanaoganda sura ni wale wanaofika kileleni wamelowa, kisha wanajiachia mteremko mzima miguu ikiwa imetulia kwenye pedeli, mwili unazalisha joto kidogo tu, na maji ya usoni yanaendelea kukauka kwa kunyonya kidogo kilichobaki.

Kuhusu mafuta ya mgando, nitasema ukweli ingawa nyumbani kwetu kopo halikosekani. Yanazuia midomo isipasuke na ngozi isikauke, na kwa kazi hiyo yapake kwa moyo mmoja, hasa usiku kabla ya kulala. Lakini hayapashi joto. Finland, nchi inayoijua baridi kuliko sisi, watafiti waliwafuatilia askari waliokuwa wakijipaka mafuta usoni, na hawakuona kwamba yanazuia ngozi kuganda. Yalichowapa ni imani kwamba wamekingwa. Uso unaong'aa kama sufuria mpya bado ni uso ulio wazi.

Joto la uso linaanzia shingoni, kwa kuwa damu inayopasha mashavu hupita hapo. Vaa skafu kabla hujafikiria kitu kingine. Kisha mzula, ushushwe mpaka ufunike masikio yote mawili. Mzula unaokaa utosini kama kifuniko cha chupa ni pambo. Na gazeti la jana likunjwe liwekwe ndani ya sweta, kifuani. Kifua kikipigwa na baridi, mwili unabana damu ibaki ndani, na pua haipelekewi kitu.

Sasa kitambaa cha usoni. Tangu 2020 barakoa zimezoeleka, na wapo wanaozivaa kwenye baiskeli. Zinafaa kwa dakika chache, mpaka pumzi izilowanishe. Baada ya hapo umejifunga kitambaa kibichi mdomoni, na mwenye miwani haoni barabara. Chukua kipande cha kitenge, kikunje pembetatu, fundo lifungwe kisogoni, ukingo wa juu ukae kwenye mfupa wa pua na ncha ininginie kifuani. Usiichomekee ndani ya sweta. Pumzi ishuke na kutoka chini, ipashe kidevu ikipita. Nimejaribu pamba, sufi na mkono wa sweta uliokatwa, na hakuna kilichokishinda kitenge kilichochakaa kwa kufuliwa.

Fundo lenyewe ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyosema, kwa sababu huku mtu hapiti njiani bila kusalimia. Mwaka mmoja nilijifunga vizuri mno. Nilikuwa nimechomekea kila kitu, sikuonekana ila macho, na nilimpita mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatoka upande wa Uwemba na mzigo wa viazi kichwani. Nilimwamkia, ila sauti iliishia ndani ya kitambaa. Alisogea pembeni ya barabara, akasimama mpaka nilipopita. Aliniogopa. Mama wa umri wa kunizaa, alfajiri, barabara tupu, na mbele yake mtu asiye na sura. Niligeuza baiskeli, nikashuka, nikahangaika na mafundo mpaka uso ukatoka.

"Shikamoo mama. Nisamehe, ni baridi."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ni mtu!" Akacheka, akanipa na salamu ya nyumbani: "Kamwene."

Tangu siku hiyo kila kitambaa nakipima kwa shikamoo. Panda baiskeli, mkono mmoja ubaki kwenye usukani, na mwingine ushushe kitambaa mpaka kidevuni kabla mtu aliye hatua kumi mbele hajakufikia. Kikikwama, fungua ufunge upya. Fundo liwe legevu kiasi cha kushuka kwa kidole kimoja na kurudi kwa kidole hichohicho. Kwa mkuu wa kaya, mwalimu, na bibi yeyote mwenye fimbo, shuka kabisa. Uso utapoa kwa muda wa salamu tu, na mlima unaofuata utaupasha tena.

Macho na pua vitatoa maji hata ufanye nini. Upepo unakausha jicho, nalo linajibu kwa machozi. Pua nayo ina kazi ya kupasha na kulowanisha kila pumzi kabla haijafika mapafuni, na katika baridi inazidisha maji. Funga leso kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ujifute mara kwa mara. Kamasi likibaki juu ya mdomo linapoza na kuchubua. Miwani yoyote, hata ya jua ya sokoni, inalisaidia jicho.

Ukifika mjini usikimbilie jiko la mkaa, wala usisugue mashavu. Yamekufa ganzi, hayatakuambia yanapoungua. Ingia kibandani kwa mama wa chai, kaa mbali kidogo na moto, agiza ya tangawizi. Shika kikombe kwa mikono miwili karibu na kidevu, acha mvuke upande wenyewe. Mashavu yataanza kuwasha, kisha yatachoma kidogo, na hiyo ni damu inarudi. Pua huwa ya mwisho. Ukianza kunusa tangawizi, agiza na chapati.