Sikufukuzwa, Nilijiuzulu

Likoni hakuna mtu anayeacha kazi Uingereza. Kazi ya Uingereza ndiyo humwacha mtu, na ikishamwacha askari wawili humsindikiza mpaka mlango wa ndege. Basi niliporudi na masanduku yangu, baada ya kujiuzulu kwa barua ya adabu katika kampuni ya bima huko Birmingham ili nije kuigiza, nilikuta kesi yangu imeshasikizwa na hukumu imeshatolewa.

Barazani nilikaribishwa kahawa kwa upole wa matangani. "Pole, kaka. Riziki ni kwa Mungu." Nikasema sikufukuzwa, nilijiuzulu. Wakatazamana. Mzee wa kashata akanishika bega, akanambia hata mwanawe alisema vivyo hivyo, na yeye alirudishwa kutoka Doha na kandambili miguuni. Nikatoa simu niwaonyeshe barua ya mwajiri ya kunishukuru. Ilipita mikononi mwa wote, ikanirudia pamoja na ushauri: nisiwe naionyesha ovyo, kughushi nyaraka ni kifungo.

Shangazi alitaka kujua hiyo kazi mpya ni ipi.

"Uigizaji, shangazi."

"Kama marehemu Mzee Ojwang?"

Uso ulimkunjuka, nami nikafurahi. "Kama Mzee Ojwang."

"Haya, tuchekeshe."

Nikamweleza kwamba mimi naelekea zaidi kwenye michezo ya huzuni. Akaingia ndani mbio kumwambia mama kuwa mtoto ana huzuni, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeshanyweshwa kombe.

Aliyeniamini ni mjomba peke yake, mwalimu mstaafu, na afadhali asingeniamini. Alikumbuka mwaka 1977, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulivyopigwa marufuku kule Kamĩrĩĩthũ, na mwaka ukiishia mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akatiwa kizuizini. "Na yule alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu," mjomba alisema. "Wewe ni karani wa bima."

Sikuwa karani. Nilikuwa mkadiriaji wa hasara: mtu akiunguliwa na nyumba, mimi ndiye niliyekwenda kupigia hesabu mapazia. Kazi ilikuwa nzuri, na pensheni yake inanijia ndotoni mpaka leo. Ila jioni nilikuwa na kikundi cha maigizo katika ukumbi wa kanisa, na wale Wazungu, watu wema kabisa, hawakuweza kunifikiria bila koti jeupe. Kila mchezo mimi daktari. Nilipima mapigo ya moyo ya kila shujaa aliyeanguka, na mstari wangu ulikuwa huo huo: amefariki. Ikanijia hamu ya kwenda mahali ambapo nami ningeruhusiwa kufa.

Mahali hapo, nilidhani, ni Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa Nairobi mwaka 1952. Nilipofika niligundua kuwa shughuli za waigizaji nyingi ziko nje yake, kwenye nyasi na maegesho ya magari, watu wakikariri mistari huku wakipisha gari lirudi nyuma. Na kinachowapa unga wengi wao ni shule za sekondari. Kikundi huchukua tamthilia inayotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kikajipakia kwenye matatu pamoja na mavazi, kikazunguka kutoka bwalo hadi bwalo.

Nikajiunga na kikundi kimoja. Kitabu chetu kilikuwa Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, nami nikapewa Bunju, mume wa Neema. Bunju ni mtu wa kipato na wa mahesabu, na kwa kushikilia mila hataki mama mkwe wake, Sara, aliyeletwa mjini kwa matibabu, alale nyumbani kwake. Jukwaani nililalamikia matumizi ya maelfu. Nikishuka nilikopa nauli kwa Sara.

Jukwaa lenyewe ni meza za kulia zilizosogezwa pamoja, bado zina punje za githeri. Kuna shule moja ambako meza ya kati ilikuwa na mguu mfupi, na ndiyo tuliyomlazia mgonjwa. Kila Neema alipoinama kumpa mamake pole, kitanda kilimbinukia, na Sara, taabani kwa moyo, akajishika ukingoni kwa nguvu za mpanda boda. Mpishi naye hakuwa na habari na sanaa. Saa ya chakula ilipofika aligonga kengele, tukaachwa tunaumaliza mchezo mbele ya mwalimu wa zamu.

Lakini watazamaji wenyewe! Wasiseme watu kuwa Wakenya hawasomi. Wale watoto wamekisoma kitabu mpaka nukta, kwa kuwa sentensi yoyote yaweza kuletwa kwenye mtihani waeleze muktadha wa dondoo. Siku moja nilisahau mstari nikauruka, nikaendelea kwa madaha. Kijana wa mbele akainua mkono. Nikajifanya simwoni. Akasimama.

"Mwalimu, umeruka dondoo. Hiyo ni alama nne."

Nikarudi nikaisema. Bwalo zima likaandika.

Tulipofika pwani nilimwalika mama aje shule moja ya Kwale, ili ajionee kwa macho yake kwamba nina kazi. Alikuja na shangazi, wamejitanda leso mpya, wakapewa viti vya mbele karibu na mwalimu mkuu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bunju alipoanza hoja zake za kwamba mkwe hawezi kulala kwake. Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu.

"We! Mgonjwa alale wapi? Mimi ndivyo nilivyokulea?"

Wanafunzi walipiga meza, walipiga sahani, walipiga hata vigelegele. Neema alijificha nyuma ya Sara, mabega yakimtikisika. Nikajaribu kujibu kwa maneno ya kitabu, mama akanijibu kwa yake, na kusema kweli yake yalikuwa makali zaidi. Hakuna aliyeinua mkono kudai dondoo.

Baadaye mwelekezi wetu alimfuata kwa heshima zote, shikamoo mbili mbili, akamwomba ajiunge na kikundi kwa ziara iliyobaki. Mama akauliza malipo ni ya kila shule au ya siku. Akauliza nauli iko juu ya nani. Aliposikia kila mtu hujitegemea, alijifunga leso vizuri, akamwambia atafute mtu asiye na kazi, na akanisonta mimi.