Shangazi Dizeli Anajibu: Pikapu Mpya, Kiu ya Zamani

Kapu la barua la Shangazi Dizeli limefurika mwezi huu, na karibu barua zote zina kilio kimoja. Mtu amenunua pikapu mpya ya dabo kebini, nailoni za viti bado hazijabanduliwa, na tayari ndoa imeingia ufa. Alipokuwa anaposa aliambiwa gari halinywi. Sasa kila likiona sheli linakata kona lenyewe. Shangazi, aliyezeeka akisikiliza manung'uniko ya madereva, ameamua kujibu barua chache hadharani. Nyingine zimerudishwa kwa wenyewe, kwa kuwa lugha iliyotumika humo haifai kusomwa mbele ya watoto.

Wa kwanza ni bwana wa Njombe anayejiita Aliyeahidiwa. Kijitabu cha gari lake kinasema lita 8 kwa kilomita 100. Yeye ni mtu wa hesabu, akagawanya, akapata kilomita 12.5 kwa lita. Lakini tangu aanze kubeba viazi kutoka mashambani hadi Makambako, lita moja haimfikishi hata kilomita 9. Anauliza kama alirudishe gari au aende mahakamani.

Shangazi anamwomba aketi kwanza. Namba ile haikupimwa barabarani. Ilipimwa ndani ya maabara, gari likiwa limesimama palepale, matairi yakizungusha mapipa ya chuma, na dereva akifuata mstari wa mwendo kwenye skrini. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilichukua dakika 20 hivi na kilomita 11 tu, kwa wastani wa kilomita 34 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Gari lilifika kilomita 120 kwa saa kwa sekunde chache, likapunguza, mtihani ukaisha. Hapakuwa na tope, mlima wala viazi.

Kuanzia Septemba 2017 Ulaya ilihamia kwenye kipimo kingine, WLTP, chenye dakika 30, kilomita 23 na mwendo unaopanda hadi 131. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo. Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8, gia za kujibadilisha zenyewe, ilitangazwa Australia kwa kipimo cha mtindo wa zamani kuwa inatumia lita 8 hivi kwa kilomita 100. Uingereza, kwa kipimo kipya, gari la aina hiyohiyo likatangazwa kwa karibu lita 10. Wamarekani nao hupima maabara, ila tangu magari ya mwaka 2008 waliongeza majaribio ya mwendo mkali, ya kiyoyozi kwenye joto la nyuzi 35 na ya baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, ndiyo maana namba zao huwa karibu zaidi na maisha ya watu. Anayesoma kijitabu bila kuuliza ni mtihani gani uliofanywa amesoma nusu ya habari.

Je, kampuni haziwezi kudanganya? Zinaweza, na zimewahi. Mwaka 2012 Hyundai na Kia zilikiri kwamba namba walizobandika kwenye magari yao Marekani zilikuwa kubwa kuliko ukweli, na mwaka 2014 zikakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kuchezea vipimo vya mafuta vya magari madogo 625,000 nchini Japani, mengine yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya Nissan, na ni Nissan iliyogundua hesabu haziendi. Januari 2024 Toyota ilisimamisha kupeleka sokoni aina 10 za magari, Hilux ikiwemo, baada ya kubainika kasoro katika upimaji wa injini za dizeli. Hilo la mwisho lilihusu nguvu ya injini, si ulaji wa mafuta, ingawa vijiweni liliingizwa kwenye fungu lilelile.

Lakini kwa Aliyeahidiwa, Shangazi anamshuku mwongo mwingine, naye ni gunia. Pikapu za kundi hili zimeundwa kubeba tani moja hivi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, ila lumbesa ya Njombe ina kilemba juu, na kilemba hicho nacho kina kilo zake. Magunia 10, mwenye mali, utingo na jeki ya akiba: hapo tani imeshapitwa kabla injini haijawashwa. Serikali ya Marekani inakadiria kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali wa lita kwa asilimia 1 hivi, na athari hiyo huwa ndogo kwa magari makubwa. Hata makadirio hayo yakikatwa nusu, tani moja inameza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ongeza barabara ya shamba, gia ya pili na magurudumu manne yakivuta tope. Anayepata karibu kilomita 9 katika hali hiyo, Shangazi anasema, angepaswa kuliandikia gari barua ya shukrani.

Kwa wanaotaka namba ya kushika mkononi, hukumu yake ni hii. Pikapu ya dizeli ya lita 2.4 hadi 3.0, tupu au yenye mzigo mwepesi, kwenye lami na mwendo wa 80 hadi 90, itegemewe kilomita 10 hadi 11 kwa lita, na 12 siku ikiwa njema. Mjini au ikiwa imejaa, 8 hadi 9. Ikishuka chini ya 7 bila sababu inayoonekana, iende kwa fundi. Na asiyetimiza kilomita 5,000 za kwanza asihukumu chochote. Injini mpya huchukua kilomita 5,000 hadi 8,000 kabla haijalainika na kuonyesha tabia yake halisi.

Barua ya pili imetoka Mombasa, kwa Bosi Mwenye Mashaka. Pikapu yake hupeleka samaki Nairobi na kurudi tupu. Kila safari, mafuta ya kwenda ni mengi kuliko ya kurudi, na Bosi amekwisha kuandika barua ya kumfukuza dereva. Anataka baraka za Shangazi kabla hajaitia saini.

Hazipati. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake. Gari na mzigo wenye uzito wa tani 3 jumla likipandishwa urefu huo, kazi ya kulinyanyua peke yake ni kama megajouli 53. Lita ya dizeli ina megajouli 36 hivi, na injini hugeuza kama theluthi yake tu kuwa mwendo. Nyingine huishia kwenye joto na moshi. Jibu ni zaidi ya lita 4 zilizotumika kupanda tu, mbali na zile za kusogea mbele. Wakati wa kurudi, mteremko unarudisha sehemu ya deni, na samaki wameshauzwa. Dereva mwaminifu kuliko wote pwani nzima angeleta tofauti hiyohiyo.

Hata hivyo Shangazi hajazaliwa jana. Anamtaka Bosi apime kwa njia isiyo na ubishi: ajaze tenki hadi pampu ijikate yenyewe, aandike kilomita za odomita, gari liende Nairobi na kurudi, kisha lijazwe kwenye pampu ileile hadi ijikate tena. Kilomita zigawanywe kwa lita zote zilizotiwa baada ya ule ujazo wa kwanza, hata za njiani. Afanye hivyo safari kadhaa achukue wastani, na asiiamini kompyuta ya dashibodi, kwa sababu nayo inakadiria tu kutokana na mafuta yanayopulizwa kwenye injini. Kama hesabu ya kwenda na kurudi pamoja bado haikubali, hapo ndipo wazungumze habari za mpira na dumu.

Kijana wa Arusha anayejiita Mwamba wa Njia ana shida aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Alitoa matairi ya kiwandani ya 265/65R17, akafunga 285/70R17, akaweka keria ya sanduku kubwa juu, na sasa gari "limeanza kunywa ghafla." Tena ameshauriwa kijiweni atembee akiwa ameangusha mlango wa nyuma ili upepo upite.

Kwanza, matairi mapya ni makubwa kwa asilimia 7. Odomita ya gari haijui hilo. Ikihesabu kilomita 100, gari limekwenda 107, kwa hiyo sehemu ya hasara anayoilia Mwamba ni kosa la uandishi. Sehemu iliyobaki ni ya kweli, maana tairi hizo ni nzito kuzungusha na zimelinyanyua gari likutane na upepo zaidi. Sanduku kubwa juu ya paa, kwa makadirio ya Wamarekani, laweza kula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kuhusu mlango wa nyuma, kijiwe kimempotosha. Ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya nyuma ya kebini na kuzunguka humo ndani ya bodi, na upepo unaopita juu huteleza juu yake. Ukiangushwa, mzunguko huo unavurugika na gari linavutwa nyuma zaidi. Watafiti wamelipima jambo hili, hata kipindi cha televisheni cha MythBusters kikalijaribu, na jibu lilikuwa kwamba mlango ubaki umefungwa. Shangazi anaongeza, bila kuulizwa, kwamba matairi ya kukabili tope la Ngorongoro hayahitajiki kwa safari ya nyama choma Njiro.

Mheshimiwa mmoja wa Dodoma, jina linahifadhiwa kwa heshima ya kiti chake, analalamika kwamba gari la aina ileile linampa mwenzake kilomita 11 kwa lita, na yeye linampa 8. Ameandika pia, kwa fahari, kwamba huwa hashuki chini ya 130. Basi amejijibu. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 90 hadi 130, upepo unaosukuma uso wa gari unaongezeka zaidi ya maradufu, na pikapu ina uso mpana. Shangazi anamtakia mikutano inayochelewa kuanza.

Mama wa Mbezi, Dar es Salaam, hana haja ya jibu refu. Mume wake husubiri watoto nje ya shule injini ikiunguruma na kiyoyozi kikipuliza, halafu huja kulaumu gari. Injini inayounguruma palepale inaweza kutumia lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kiyoyozi, na kilomita zinazopatikana hapo ni sifuri. Azime, afungue vioo, asogee kivulini.

"Shikamoo Mzee," Shangazi anaanza kumjibu dereva mstaafu wa Iringa, anayewafundisha vijana kutoa gia wakati wa kushuka Kitonga ili waokoe mafuta. Enzi za kabureta Mzee alikuwa na hoja. Injini za leo zinaongozwa kwa kompyuta: gari likiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta na mteremko unasukuma, mafuta hukatwa kabisa. Gia ikitolewa, injini lazima ilishwe ili isizime. Kwa hiyo kijana anayeshuka bila gia anatumia mafuta zaidi kuliko mwenzake, na breki zake ndizo zinazobeba tani zote kwenye kona zile. Shangazi, kwa unyenyekevu wote, anamwomba Mzee alifute somo hilo leo.

Kuna pia kaka wawili, mmoja yuko Leicester na mwingine Minnesota, wasiosemezana tangu sikukuu. Kila mmoja alisoma kwamba pikapu fulani hupata maili 30 kwa galoni, na kila mmoja akabadilisha kwa lita akapata jibu lake. Wote wako sahihi. Galoni ya Uingereza ina lita 4.546, ya Marekani ina 3.785. Maili 30 za Leicester ni kilomita 10.6 kwa lita. Za Minnesota ni 12.75. Wapigiane simu.

Barua ya mwisho inauliza kuhusu chupa za dawa za kumimina kwenye tenki na vifaa vya sumaku vya kufunga kwenye mpira wa mafuta, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuokoa nusu ya gharama. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, nayo ndogo. Fedha hizo zinatosha kununua geji ya upepo. Matairi yenye upepo sahihi yanaweza kuongeza hadi asilimia 3, na kibandiko cha vipimo vyake kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Asilimia si neno linalomsisimua mtu sheli, kwa hiyo Shangazi amepiga hesabu nyingine. Gari linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka, likipata 9 kwa lita, linameza lita 2,222. Likipata 11, linameza 1,818. Tofauti ni lita 404, yaani tenki tano za lita 80. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na EWURA, mwenzake wa Tanzania, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo kila msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya mjini kwake.

Kwa watakaoandika mwezi ujao, Shangazi Dizeli anaomba kila barua ije na kilomita za odomita, lita za risiti mbili za tenki kujaa, saizi ya tairi na uzito wa mzigo. Barua isiyo na namba hizo itasomwa, itachekwa, na haitajibiwa.