Mheshimiwa Kipimo

Aprili 1990 Marekani ilirusha angani darubini ya Hubble, yenye kioo cha upana wa mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu. Picha zilipoteremka, nyota zilikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa laini ajabu, ila umbo halikuwa lake: ukingoni kilisuguliwa kupita kiasi kwa mikroni 2 hivi.

Wasuguaji walifuata kipimo. Kipimo ndicho kilichopotoka. Kifaa cha kukagulia umbo, kule Danbury, Connecticut, kilikuwa na lenzi iliyokaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kilipokuwa kikiunganishwa, rangi ilikuwa imebanduka kidogo kwenye kifuniko cha fimbo ya kupimia, na leza ikasoma hapo badala ya kwenye ncha ya fimbo. Lenzi ikakataa kushuka hadi pale ilipotakiwa. Dawa? Washa. Ndiyo, washa za kawaida, zile pete bapa za boliti, zikachomekwa kuziba pengo, kazi ikaendelea.

Vifaa vingine viwili vilionyesha kasoro. Vikapuuzwa, maana ni vya daraja la chini! Mheshimiwa Kipimo mwenyewe, kile kifaa kilichopotoka, alitoa jibu lilelile kila alipoulizwa, na wakubwa wakaona huo ndio ukweli.

Desemba 1993 wanaanga walipanda kuivalisha Hubble miwani. Wachunguzi walikuwa wamekikuta kifaa kile Danbury, bado kimeunganishwa vilevile, wakapima upotofu wake. Kosa lilikuwa sahihi kiasi kwamba lilisaidia kukokotoa tiba yake.